Mgonjwa Hajambo

Kitasa kilizunguka, mlango ukafunguka, daktari akaingia.

Na Mpiga Pasi akasimama!

Jamani, huyu mwanamke aliambiwaje? Dada yake alikuwa amemkanya asubuhi yote: "Daktari akiingia usinyanyuke. Wagonjwa wa kule hawamsimamii daktari. Lala, kunja uso, lalamika." Akaitikia ndiyo dada, nimeelewa dada. Sasa daktari hata hajafika katikati ya chumba, miguu imeshashuka kitandani yenyewe, mikono imeshikana mbele ya tumbo, utadhani ameitwa na meneja.

"Madam, kulikoni?" daktari alishangaa. Alikuwa kijana, miwani mipya, viatu vinang'aa. "Kaa, kaa tafadhali."

"Ahsante daktari. Samahani."

Samahani ya nini? Tuyaache.

Kwa wewe ambaye gazeti la juma lililopita lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, mambo ni haya. Walizaliwa mapacha, tumbo moja, ziwa moja, sura moja, hata mama yao akawafunga nyuzi za rangi mbili mikononi asije akamnyonyesha mmoja mara mbili. Aliyetangulia kutoka aliendelea kutangulia. Akaolewa na mkurugenzi wa kiwanda cha vigae, akahamia nyumba yenye kapeti hadi jikoni, na mtaa aliozaliwa ukampa jina: Bibi Kapeti. Aliyefuata ndiye Mpiga Pasi wetu. Kazi yake ni katika chumba cha dobi cha hoteli kubwa, chini kabisa ya jengo. Lifti ya pale ni ya wageni. Mashuka hupanda ngazi juu ya mabega ya watu.

Sasa miguu inamvimba. Pumzi inamkata kabla hajafika ghorofa ya kwanza. Kulala chali hawezi tena. Hulala ameegemea ukuta, maana akijinyoosha anahisi anazama. Zahanati ya mtaani kwake imempa vidonge vya maumivu hadi chupa zimejaa dirishani.

Bibi Kapeti angeweza kumwomba mumewe msaada, utasema. Aliomba. Mume si mtu mbaya, ila alishatangaza kwamba nyumba yake si ofisi ya misaada ya ukoo wa mkewe, na siku atakapodanganywa kwa ajili ya ukoo huo, mke afuatane nao. Ndipo dada mtu akaja na hila: "Sura yetu ni moja. Nenda wewe kwa daktari wangu wa moyo, kwa kadi yangu ya bima. Uwe mimi kwa asubuhi moja tu."

Na kwa kuwa sura mbili zinazofanana zingezua maswali, Bibi Kapeti alivaa sare kuukuu ya mdogo wake, kandambili miguuni, kitambaa hadi kwenye nyusi, akakaa kwenye benchi la ukumbini kama mtumishi aliyemsindikiza bosi wake. Mapokezi walipoipitisha kadi kwenye mashine, ikalia: ti! Hakuna aliyeujali mlio huo. Wewe ukumbuke.

Haya, turudi chumbani.

"Leo unaonekana umechoka, Madam," alisema daktari.

"Kidogo tu, daktari."

Umechoka! Laiti angejua kazi iliyofanyika juu ya uso ule. Bibi Kapeti alimpaka mdogo wake poda tangu alfajiri, mbele ya kioo kikubwa, nyuso mbili ndani ya kioo kimoja. Akaziba mistari ya kando ya mdomo. Akaziba weusi wa chini ya macho. Akafika mahali akaweka brashi chini na kuanza kulia.

"Tulizaliwa siku moja," alisema. "Mbona wewe umefika mbali hivi?"

"Usilie dada, utaniharibia poda," Mpiga Pasi akamjibu, na wakacheka wote wawili, lakini mmoja alicheka huku ameshika ukuta ili apate pumzi.

Nesi alimfunga mkanda wa kupima presha juu ya mkono wa gauni. Mashine ikavuma, ikatulia, ikatoa jibu. Nesi akalitazama jibu, akaigonga mashine ubavuni kwa kiganja.

"Daktari, hii mashine imeanza tena."

"Inasemaje?"

Nesi akamwonyesha. Daktari akatikisa kichwa. "Haiwezekani. Presha ya Madam haijawahi kupanda. Lete nyingine."

Ikaletwa nyingine. Ikasema yale yale, tena kwa mkazo.

"Leo zote zina wazimu," alisema nesi.

Unaona mambo hayo? Mashine mbili zimesema kweli, na mashine mbili zimepatikana na hatia! Ingekuwa jirani wa Mpiga Pasi ndiye anayepimwa, angeambiwa apunguze chumvi na mawazo. Lakini kwa mke wa mkurugenzi, kinachoumwa ni mashine.

"Madam, ulikunywa kahawa asubuhi?" daktari aliuliza.

Mpiga Pasi hakunywa kahawa. Hata chai hakunywa, kwa woga. Lakini daktari amekwisha kutamka kahawa, na kule alikolelewa yeye, daktari akishatamka hapingwi.

"Ndiyo, daktari."

"Nyingi?"

"Kidogo... ndiyo, nyingi."

"Basi ndiyo hiyo."

Nesi akachukua kile kisimu kipana cha hospitali, akamwekea mapajani. Kilikuwa na swali moja kwa herufi kubwa: Kwa ujumla, umeridhika na maisha yako? Chini yake palikuwa na vikaragosi vitatu vya nyuso. Kimoja kinacheka, kimoja kimetulia, kimoja kimenuna.

"Mimi?" aliuliza Mpiga Pasi.

"Ndiyo Madam, kama kawaida. Bonyeza kimoja."

Akafikiri. Paa halivuji kwa sasa. Watoto wamelala wameshiba. Dada yake amemleta kwa gari lenye ubaridi ndani. Halafu, mtu unaenda kwa watu, unakaribishwa kwenye shuka nyeupe kiasi hiki, kisha unabonyeza kanakonuna? Huo si ungwana. Akabonyeza kanakocheka.

Nesi alikodoa macho. "Madam! Siku zote wewe hubonyeza kanakonuna. Tena kwa nguvu."

Hapa naomba ruhusa nikasirike kidogo. Juzi msomaji wangu mmoja alinisimamisha njiani akanipa ule msemo wa kila siku, kwamba fedha hainunui furaha, na kwamba masikini wamejaliwa moyo wa kuridhika. Nikamuuliza lini mara ya mwisho alipanga foleni ya zahanati. Akasema hajawahi, ana daktari wake. Basi! Bibi Kapeti hununa kwa sababu anajua alichokosa: usingizi mzuri na mume wa kuzungumza naye. Mpiga Pasi hucheka kwa sababu hajawahi kuulizwa anachotaka, na siku alipoulizwa akaona haya. Sasa nenda ukahesabu nyuso, kisha uniandikie kwamba mtaa wetu una furaha.

Tuendelee kabla presha haijanipanda na mimi.

Daktari akavuta kiti, akakaa, akauliza swali ambalo nusura lituulie mwanamke wetu.

"Haya Madam. Hujambo?"

"Sijambo, daktari."

Tobaa!

Nisikilize vizuri. Sisi sote tumelelewa hivyo. Ukiulizwa hujambo, jibu ni sijambo, hata kama umeshikilia utumbo wako mkononi. Kwanza unakuwa mzima, ndipo unakuwa mgonjwa. Lakini lugha yetu hii hii ina ujanja wake: ukisema mgonjwa hajambo, maana yake amepata nafuu. Mpiga Pasi alikuwa anasalimia. Daktari alikuwa anapima.

"Vizuri sana," alisema daktari. "Maumivu?"

"Kidogo tu."

"Usingizi?"

"Tunalala, namshukuru Mungu."

"Kula?"

"Tunakula."

"Kwa hiyo hali kwa ujumla?"

"Nzuri tu, daktari. Habari za kwako?"

Daktari akacheka kwa furaha. Hakuna siku mke wa mkurugenzi aliwahi kumuuliza habari zake. Bibi Kapeti akiingia humu huanza na kisogo, akashuka mabegani, akapitia tumboni na kumalizia kwenye ukucha, na mahali pasipouma huomba papimwe ili ijulikane kwa nini hapaumi.

"Unaona?" daktari alimwambia nesi. "Zile dawa za usingizi zimefanya kazi. Andika: mgonjwa hajambo. Aendelee na dawa zile zile, arudi baada ya miezi sita."

Miezi sita! Mpiga Pasi akaona kalamu inasogea. Akataka kusema. Ulimi ukanyanyuka, ukarudi. Atasemaje, wakati amekwisha kusema nzuri? Utamfanya daktari aonekane mjinga mbele ya nesi wake? Akainamisha kichwa.

"Ahsante daktari," alinong'ona. "Mungu akubariki."

Na hapo mlango ukapigwa kikumbo.

"Mwambie ukweli!" sauti ilifoka. "Unamwambia nzuri, nzuri ya nini? Mwambie huwezi kupanda ngazi! Mwambie unalala umekaa!"

Bibi Kapeti! Alikuwa ameganda na sikio lake mlangoni tangu mwanzo, kitambaa kimemteremka hadi machoni, kandambili moja imebaki ukumbini. Uvumilivu ulikuwa umemwisha kama mafuta ya taa.

Daktari akainuka. "Huyu nani?"

"Ni... ni mtu wa nyumbani," alisema Mpiga Pasi.

"Dada, toka nje," daktari alisema. "Tunamhudumia bosi wako."

"Mpime moyo!" Bibi Kapeti alisema. "Mimi nakuambia mpime moyo! Wewe ulinipima mimi... ulimpima yeye mwaka jana kwa sababu alihema mara moja tu kwenye bwawa la kuogelea! Leo anakufa mbele yako unampa miezi sita?"

"Mama," daktari alisema polepole, sauti ile wanayopewa watoto na watu wa kandambili, "haya mambo ni ya kitaalamu. Nesi, mwite mlinzi."

"Unajua mimi ni nani?"

Mlinzi alikuwa ameshafika. "Wote wanaouliza hivyo," alisema huku akimshika kiwiko, "huwa hawajui wenyewe. Twende mama. Benchi lile ni la wateja. Wasindikizaji husubiri nje ya geti."

Akatolewa. Kelele zake zikapungua ukumbini, zikashuka ngazi, zikapotea.

Msomaji, nataka uione hali hii kama ninavyoiona mimi, kwa meno yaliyoumana. Walikuwa wanawake wawili. Mmoja anajua kulalamika, hodari kabisa, amezoea kusikilizwa tangu alipoolewa. Lakini leo amevaa kandambili, na maneno ya mtu wa kandambili ni makelele. Mwingine amevaa gauni la kusikilizwa, kila mtu ametega sikio, na kinywa chake kinajua neno moja tu. Walibadilishana nguo. Hawakukumbuka kubadilishana midomo.

"Pole Madam," alisema daktari. "Wafanyakazi wa siku hizi hawana adabu."

"Ni mtu mzuri," alisema Mpiga Pasi. Machozi yalikuwa yanamlenga. "Ni mtu mzuri sana, daktari. Nipimeni tu huo moyo, kama... kama haitakuwa usumbufu."

"Lakini ulipimwa mwaka jana, na picha ninayo hapa." Akamgeuzia kioo cha kompyuta. "Tazama mwenyewe. Moyo huu ni wa msichana wa shule. Bima hawatakubali turudie bila sababu."

Moyo wa dada yake ulikuwa pale kwenye kioo, mdogo, imara, umenyamaza. Mpiga Pasi akautazama. Alikuwa amekuja kuazima kadi tu. Hakujua kwamba pamoja na kadi ataazima na uzima wa mwenye kadi, na uzima huo ndio utakaomzika.

Akashukuru. Akanyoosha mkono kuchukua mkoba.

Daktari akaudaka ule mkono.

"Madam. Hii ni nini?"

Mkono wa gauni ulikuwa umepanda. Upande wa ndani, kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko, ngozi ilikuwa na alama: michirizi iliyokwisha kuwa myeusi, mingine bado myekundu, mmoja una malengelenge ya juzi. Kila anayepiga pasi ya mvuke anazo. Poda yote iliishia usoni. Mikono hakuna aliyeikumbuka.

Daktari akaugeuza mkono wa pili. Nao vilevile. Akamtazama nesi, nesi akamtazama yeye.

"Nesi, funga mlango." Akasogeza kiti karibu zaidi. Sauti yake sasa ilikuwa ya mtu mwingine. "Madam, hapa uko salama. Niambie. Mzee anakuchoma?"

"Nani?"

"Mumeo. Hizi ni alama za pasi. Sasa naelewa kwa nini ulisimama nilipoingia. Sasa naelewa hizo 'nzuri' zako. Mtu anayepigwa huwa hajambo siku zote."

"Hapana, daktari! Lahaula! Shemeji..." Akajiuma ulimi. "Mume wangu hajawahi kuninyooshea hata kidole!"

"Wote husema hivyo."

"Wallahi vile, hajawahi!"

"Basi sina budi. Sheria inanitaka nipige simu polisi." Na akanyanyua simu ya mezani.

Ama kweli, mtego ulioje! Mwanamke huyu angeweza kuficha maumivu yake mwenyewe hadi kaburini, na wala asione tabu. Lakini mtu asiye na kosa aburutwe polisi kwa sababu yake? Tena mume wa dada yake? Kuna adabu inayokufunga mdomo, na kuna adabu inayokufungua. Daktari alikuwa ameshaanza kubonyeza namba.

"Weka simu, daktari," alisema Mpiga Pasi.

Akaendelea kubonyeza.

"Nimesema weka simu! Ni mvuke wa kazini! Na mimi... mimi..." Alishika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili. "Daktari, nina jambo."

Neno dogo hilo. Umri wake wote lilikuwa halijamtoka.

"Nina jambo kubwa. Sijalala kitandani tangu mvua zilizopita, nalala nimeegemea ukuta. Viatu vyangu haviingii jioni. Nikipanda ngazi na mashuka nasimama kila ngazi ya tatu, najifanya nafunga kamba ya kiatu ili wenzangu wasione, na viatu vyangu havina kamba. Kifuani pananibana. Nakohoa nikilala. Sikunywa kahawa, sinywi kahawa mimi. Mwanangu mdogo huniwekea sikio mgongoni asikie kama bado nahema. Naogopa, daktari. Naogopa sana. Nilisema nzuri kwa sababu uliniuliza vizuri."

Simu ikashushwa taratibu.

Kazini gani, viatu gani, mashuka yapi, daktari hakuuliza. Nampa sifa yake hapo. Alisema neno moja tu: "Lala."

Akazima taa ya juu. Akampaka mafuta baridi kifuani, akambandika waya, akavuta mashine ya picha, akaanza kukipitisha kile kipimo ubavuni mwake. Kwenye kioo kikatokea kivuli kinachocheza. Hata mimi na wewe tusiosomea tungeona. Kile cha mwaka jana kilikuwa kinafunga na kufungua kwa haraka, kama ngumi ya mtoto mchangamfu. Hiki kilikuwa kikubwa, kimelegea, kinavuta upande mmoja kwa shida kama mtu anayepandisha mzigo ngazi ambazo haziishi.

Daktari aliangalia kwa muda mrefu. Alitazama kioo kile, akatazama kile cha kompyuta, akarudi.

"Moyo huu umetanuka," alisema. "Presha imeupiga kwa miaka mingi, na maji yameanza kuingia mapafuni. Hili si jambo la mwaka mmoja." Akavua miwani. "Na huu si moyo niliouona mimi. Wewe si Madam."

Mpiga Pasi alivuta shuka hadi kidevuni.

"Madam ni pacha wangu," alisema. "Ndiye yule uliyemfukuza."

Nesi akajishika mdomo.

"Yule wa kandambili?"

"Yule. Alikuambia kweli tupu, daktari, ila hukumwangalia."

Daktari alifuta miwani kwa koti lake, akaivaa, akaivua tena. Alikuwa na haya, na haya zilimkalia vibaya, hakuzizoea.

"Nikikulaza kwa jina lako," alisema hatimaye, "mapokezi watakutoa nje leo leo, kwa sababu huna kadi. Hapo nitapigana nao, lakini sijui kama nitashinda. Nikikulaza kwa jina la dada yako, natengeneza uongo ambao siku moja utamfanya yeye apewe dawa za moyo asioumwa. Na dada yako atashitakiwa."

"Basi niache nirudi kazini. Zamu yangu inaanza mchana."

"Kazini? Mama, nisikilize. Ugonjwa huu una dawa, na watu huishi nao. Lakini ukizipanda zile ngazi tena na mashuka begani, mimi sina ahadi ya kukupa. Huondoki hapa."

Mpiga Pasi alitaka kujibu. Hakuwahi.

Mlango ulifunguliwa bila hodi, na mwanamume wa suti akaingia anahema, tai imekwenda upande.

Shemeji!

Ule mlio wa ti, msomaji. Kadi ikitumika, simu ya mwenye bima hupokea ujumbe. Mkurugenzi alikuwa kwenye kikao akasoma kwamba mkewe amepokelewa idara ya moyo, akaacha kikao, akaendesha gari mwenyewe. Nilikuambia si mtu mbaya.

"Yuko wapi? Yuko wapi mke wangu?" Akaona gauni alilolinunua yeye, akaona mwanamke amelala nusu gizani na waya kifuani, akapiga goti kando ya kitanda. "Mbona hukuniambia? Nimetetemeka njia nzima. Na hospitali yenyewe hii, daktari, mnalinda nini? Hapo getini kuna kichaa! Mwanamke wa kandambili moja, amenirukia, amening'ang'ania koti, ananiita mume wangu! Ananiita kwa jina langu la utani! Nimewaambia walinzi wampeleke kituo cha polisi."

Nesi akatoa sauti ndogo.

Amekula naye meza moja miaka yote hiyo. Amelala naye kitanda kimoja. Lakini alipokutana naye getini alitazama miguu kwanza, na baada ya kuiona ile kandambili hakuona haja ya kupanda hadi usoni.

Daktari alifungua mdomo. Mpiga Pasi akamtazama kwa jicho la kumsihi, daktari akaufumba.

"Sasa niambie mwenyewe," alisema Shemeji. Sauti yake ilikuwa laini. Mkono wake ulikuwa unatafuta mkono wa Mpiga Pasi chini ya shuka. "Kama una jambo, nimeahirisha kila kitu, nitakaa hapa hapa nimekushika mkono. Kama huna, inuka twende zetu nyumbani. Hujambo, mke wangu?"

Mkono wake ukagusa vidole. Bado nusu kiganja ufike kwenye malengelenge.

Nje gari la walinzi lilikuwa linawasha injini, na ndani yake sauti inayofanana na ya mgonjwa ilikuwa inapiga kelele: "Sema, mdogo wangu! Usione haya, sema!"

Majibu yalikuwa mawili tu. Aseme sijambo, atoke hapa na gauni la dada yake, ndoa ya dada ipone na moyo ukamalizike ngazini. Au aseme si mimi mke wako, na dada akose nyumba, naye mwenyewe akose kitanda hiki.

Mpiga Pasi akavuta pumzi aliyokuwa nayo. Chumba kizima kikamtazama mdomo.

"Si..." alisema.